Nafsi ya Kuazima: Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Hongera. Kama umeushika mwongozo huu, basi umekwisha kubaini kwamba ukoo uliozaliwa nao haukutoshi. Baba yako ni mhasibu, mama yako ana duka la vifaa vya ujenzi, wote ni watu wema, lakini moyoni unasikia umo mtu mwingine kabisa: shujaa wa nyika, mtawa wa Himalaya, mganga wa msituni anayesemezana na tai. Hatukubishii. Aliyemo ndani ya mtu, Mungu ndiye amjuaye. Kazi yetu ni ndogo zaidi, nayo ni kukuonyesha njia waliyopita wenzako, baadhi yao wakaishia kwenye utajiri na mmoja akaishia gerezani, ili nawe upite bila kujikwaa. Vikwazo si vingi. Kikubwa ni kwamba kabila unalolitaka lina wenyewe.

Kuchagua kabila

Chagua la mbali. Mkazi wa Dar es Salaam hawezi kuamka tu na kutangaza kwamba kiroho yeye ni Mmakonde. Kabla ya saa nne asubuhi atakuwa ameshaulizwa ni wa ukoo gani, aliingia jando wapi, na kwa nini hakuonekana kwenye msiba wa Newala mwezi uliopita. Kabila la jirani lina maswali mengi. La mbali halina hata moja, kwani halijui kama upo.

Wajerumani wanalielewa hili siku nyingi. Karl May alichapisha riwaya ya Winnetou, shujaa wa Kiapache, mwaka 1893, akiwa hajakanyaga Marekani hata mara moja. Alikwenda 1908, mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, na hata hapo aliishia majimbo ya mashariki. Nchi ya Waapache hakuiona. Haikudhuru. Mji wa Bad Segeberg ulianza kumwigiza Winnetou jukwaani mwaka 1952 na bado unaendelea, na hadi leo kuna vilabu ambavyo mafundi wa magari na walimu wa sekondari huvaa ngozi na manyoya siku za mapumziko, wakalala kwenye mahema waliyoyashona kwa mikono yao. Mwaliko wa Waapache hawakuungoja.

Tena chagua watu walioshindwa. Waandishi wengi wa miongozo huona haya kulisema hili, lakini bila hilo biashara haisimami. Hakuna kambi ya siku tatu ya kumwamsha Mswisi aliyelala ndani yako, ingawa Waswisi nao wana milima mirefu, mabaragumu ya mbao na ng'ombe wanaovishwa maua. Waswisi wana ubalozi na mawakili. Lakini watu walionyang'anywa ardhi, watoto wao wakapelekwa shule za bweni kwenda kufutwa lugha, na wazee wao wakaadhibiwa kwa kucheza ngoma zao, hao wana hazina yote ya kiroho unayoihitaji, na hawana nauli ya kuja kukudai.

Jina na damu

Ukishachagua, tunga nasaba. Archibald Belaney alizaliwa Hastings, Uingereza, mwaka 1888, akalelewa na shangazi zake. Mwaka 1906 alivuka bahari kwenda Kanada, akaishi na Waojibwe wa Temagami, akaoa kwao, akajifunza kutega wanyama na kupiga kasia. Kisha, polepole, mama yake akaanza kuwa Mwapache. Belaney akafuga nywele na kuzitia weusi, akaipaka ngozi yake hina, akajiita Grey Owl, yaani Bundi wa Kijivu. Aliporudi Uingereza kuhutubia katikati ya miaka ya 1930, kumbi zilifurika. Mwaka 1937 alizungumza mbele ya Mfalme George wa Sita na binti zake wawili, na Waingereza wakatoka wakisema hawajapata kusikia hekima kama ile, ambayo kumbe ilikuwa imetoka Hastings. Alifariki Aprili 1938. Gazeti la mji mdogo wa North Bay, lililokuwa limeikalia habari yake kwa miaka, likaichapa mara moja.

Hapa mwongozo wetu unapata tabu kidogo, kwa sababu Belaney alifanya kazi ya kweli. Vitabu vyake viliwafumbua macho watu wengi kuhusu misitu iliyokuwa ikifyekwa na biva waliokuwa wakimalizwa kwa ajili ya manyoya yao. Biva hawakumwomba cheti cha kuzaliwa. Lakini aliyemfanya aweke chini mitego ni mkewe, Anahareo, na Anahareo alikuwa Mmohawk wa damu, bila hina. Si yeye aliyealikwa kasri. Ukilielewa hilo umeielewa sehemu kubwa ya somo: wenye kumbi walikuwa tayari kumsikiliza mtu wa asili, alimradi awe amesoma shule moja na wao.

Mwalimu

Utahitaji mwalimu. Mwalimu aliye hai ana kasoro mbili: anaweza kukukana hadharani, na anaweza kukuambia ufagie uwanja kwanza. Afadhali yule asiyeweza kupatikana. Carlos Castaneda alijipatia umaarufu kuanzia 1968, na mwaka 1973 akapata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa mafundisho ya mzee wa Kiyaki aitwaye Don Juan, ambaye hakuna msomi mwingine aliyepata kumtia machoni. Hata hivyo, Castaneda ni mwanafunzi tu akiwekwa mbele ya bingwa tutakayemtaja sasa.

Novemba 1956, kampuni ya Secker & Warburg ya London ilichapisha The Third Eye, maisha ya lama wa Kitibeti aitwaye T. Lobsang Rampa kama alivyoyaandika mwenyewe. Humo kuna mtoto wa ukoo mkubwa wa Lhasa, kuna monasteri, kuna vishada vikubwa vinavyombeba mtu angani, na kuna siku ile alipotobolewa paji la uso na kuchomekwa kibanzi cha mti ili jicho la tatu lifunguke, aweze kuziona rangi za roho za watu. Wataalamu wa Tibeti waliopewa mswada walisema ni uzushi. Fredric Warburg mwenyewe alimjaribu mwandishi wake kwa sentensi ya Kitibeti. Lama hakuielewa. Alipobanwa alipatwa na maumivu makali, kisha akaeleza kwamba Wajapani walimtesa vitani, naye ili asiwatobolee siri akaifunga lugha yake yote kwa nguvu za akili, ndiyo maana hadi leo akiisikia anaumwa. Jibu hili lingestahili kufundishwa vyuo vya sheria. Kitabu kikachapwa, kikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi.

Heinrich Harrer, mpanda milima wa Austria aliyeishi Lhasa kwa miaka na kukijua Kitibeti, hakuvumilia. Akamkodi mpelelezi binafsi. Februari 1958 magazeti yakatangaza matokeo: lama ni Cyril Hoskin, mtoto wa fundi bomba wa Plympton, Devon, na Tibeti hajawahi kufika.

Mtu mwingine angeomba radhi au angehama mji. Hoskin alieleza kwamba ni kweli, mwili huu ni wa Hoskin, ila aliyemo si Hoskin. Siku moja alipanda mti bustanini ili ampige picha bundi, akaanguka. Akiwa chini pale akamwona mtawa wa Kitibeti akimjia, wakasikilizana, Hoskin akatoka na lama akaingia. (Bundi tena, msomaji. Ndege huyu amehusishwa na mengi kwetu, lakini hili la kusafirisha Waingereza lilitupita.) Itazame hoja yenyewe ilivyo nzuri. Hakuna cheti, shahidi wala pasipoti inayoweza kuigusa, maana kila ushahidi dhidi ya Hoskin unamhusu mpangaji wa zamani. Vitabu viliendelea kutoka kwa zaidi ya miaka 20, na kimoja cha mwaka 1964 alisema ameandikishwa na paka wake wa Kisiamu. Kilinunuliwa nacho.

Tukicheka, tukumbuke kalenda. Jeshi la China liliingia Tibeti mwaka 1950. Mwaka 1959 Dalai Lama alikimbilia India, na maelfu ya Watibeti wakamfuata, wengi wao wakaishia kuponda mawe ya barabara kwenye milima ya kaskazini mwa India. Hao ndio waliokuwa na habari za kueleza: nani ameuawa, monasteri ipi imebomolewa, mtoto gani ameachwa njiani. Lakini kufikia hapo msomaji wa London alikuwa keshaijua Tibeti yake, ile ya vishada na jicho la tatu, na Mtibeti aliyekuja bila tundu kwenye paji la uso alianza akiwa na upungufu.

Ada

Usione haya kutoza. Walakota wa Marekani wana ibada iitwayo inipi: kibanda cha fito zilizoinamishwa kilichofunikwa, mawe yaliyookwa motoni hadi yakawa mekundu, maji, giza na sala. Anayemwaga maji juu ya mawe amefundishwa na wazee kwa miaka, na mlangoni hakuna kiingilio. Mwaka 1883 serikali ya Marekani iliweka kanuni za kuwaadhibu wenyeji wa asili waliocheza ngoma zao za ibada, pamoja na waganga wao. Aliyepatikana na hatia alinyimwa mgao wa chakula au alifungwa. Sheria ya kuilinda haki yao ya kuabudu ilikuja 1978. Hesabu mwenyewe vizazi vingapi viliomba kwa kujificha.

Sasa linganisha na ufanisi wa kisasa. Oktoba 2009, karibu na Sedona, Arizona, mhamasishaji James Arthur Ray, ambaye watu walimjua kwa filamu ya The Secret, aliendesha kambi ya kuwafanya wateja wake wapiganaji wa kiroho. Kila mmoja alilipa zaidi ya dola 9,000. Siku ya mwisho, baada ya kukesha jangwani bila chakula wala maji, aliwaingiza zaidi ya watu 50 kwenye kibanda cha joto kilichofunikwa kwa maturubai, na walipoanza kulegea akawatia moyo kwamba hiyo ndiyo safari yenyewe. Watatu walikufa. Mwaka 2011 Ray alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kusababisha vifo kwa uzembe.

Wenyewe walikuwa wameshasema. Juni 1993, wawakilishi wapatao 500 wa Walakota, Wadakota na Wanakota walipitisha tamko la kutangaza vita dhidi ya wanaoichuuza dini yao. Tunakushauri usilitafute tamko hilo, litakuharibia usingizi. Na kama mteja wako amelisoma, mwambie wewe hufanyi inipi, unafanya kitu kilichopata msukumo kutoka kwenye inipi, na kwamba ada ni ya ukumbi na chai.

Kwenda chanzoni

Wapo wasiotosheka na sebule, wanataka kunywa kisimani. Gordon Wasson, makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan, alifika Huautla de Jiménez, milimani Oaxaca nchini Mexico, mwaka 1955. Huko aliishi María Sabina, mganga wa Kimazateki aliyekesha na wagonjwa usiku kucha, akila uyoga mtakatifu na kuimba hadi sababu ya ugonjwa ijulikane. Kesha lile halikuwa la watazamaji. Bila mgonjwa au shida, hakuna kesha. Wasson akatoa shida: ana wasiwasi juu ya mwanawe aliye mbali. Bibi akamhurumia na kumkubalia.

Mei 1957 jarida la Life likachapa simulizi yake pamoja na picha. Jina la bibi lilibadilishwa, lakini jina la uwongo halizuii basi kupanda mlima. Miaka ya 1960 vijana wa Marekani na Ulaya walifurika Huautla wakimtafuta Mungu. Wengine walikula uyoga mchana kweupe barabarani, mahali ambapo hata kuutaja kwa sauti ilikuwa ukosefu wa adabu. Polisi wakawafuata wageni, na wanakijiji wakamfuata bibi: nyumba yake ilichomwa moto, naye akawekwa ndani kwa muda. Baadaye alisema kwamba tangu wageni wale walipofika, uyoga haukuwa na nguvu zake za zamani. Alifariki mwaka 1985, maskini kama alivyozaliwa. Kiini cha uyoga huo leo kina makampuni, wanasheria wa hataza na wawekezaji, na katika mikutano yao picha yake huonyeshwa ukutani, bibi mwenye nywele nyeupe akivuta sigara, kama vile ndiye mwenyekiti wa bodi.

Wa kwetu nao

Msomaji wa Kiswahili asijiegemeze kwenye kochi akidhani mwongozo huu ni wa Wazungu. Tazama nguzo za umeme. Mganga kutoka Sumbawanga, mganga kutoka Pemba, mganga kutoka Bagamoyo. Ukivuka mpaka, mganga kutoka Kitui. Anarudisha mpenzi aliyepotea, anapandisha cheo, anasafisha nyota, na namba yake ya simu imeandikwa kwa rangi nyekundu. Kati yao wapo waliozaliwa Manzese na wasiojua barabara ya Sumbawanga inapita wapi. Mfipa anayelima mahindi Rukwa hakuulizwa kama mji wake ukodishwe, ila yeye ndiye anayetazamwa kwa jicho la pembeni kila anapohamia mtaa mpya, na bintiye ndiye anayeulizwa maswali ya kipuuzi na wakwe.

Kuhusu Wamasai, kitabu kizima kisingetosha. Kwenye fukwe za Unguja na Diani utawakuta Wamasai kweli, waliotoka Manyara na Arusha kutafuta riziki, wakilinda mahoteli usiku na kuuza shanga mchana. Utawakuta pia waliozaliwa mbali na boma lolote, walionunua shuka sokoni wakaona mauzo yanapanda. Hao hatuwalaumu sana. Njaa ni njaa, na mteja ndiye aliyeagiza Mmasai. Mwaka 1998 Corinne Hofmann wa Uswisi alichapisha kisa cha ndoa yake Kenya kwa jina la Mmasai Mweupe, na kikauzwa mno, ingawa mumewe alikuwa Msamburu. Kampuni nyingine ya Uswisi ilitengeneza viatu vya soli ya mviringo na kuviita teknolojia ya pekupeku ya Kimasai, vikauzwa kwa bei ambayo Mmasai mwenye makubazi ya tairi angenunulia mtamba. Naona Waswisi, waliokosa wa kuiazima nafsi yao, wameamua kuazima wao.

Juni 2022, wenye maboma wa Loliondo walikuwa wanahangaika na vigingi vya mipaka vilivyokuwa vikichimbiwa kwenye malisho yao. Mmasai wa kiroho hana ng'ombe, kwa hiyo usingizi wake haukukatika.

Wenyewe wakija

Watakuja tu. Siku hizi wana shahada, wana simu, na wengine ni mawakili. Andaa majibu matatu. La kwanza ni kwamba nafsi haina mipaka. Litoe kwa sauti ya chini huku umefumba macho. La pili, kwamba sote tulitoka Afrika, tena linapendeza likisemwa mbele ya Waafrika waliowekwa saa tano ubalozini wakisubiri viza. La tatu ndilo zito: kwamba wewe unaupenda utamaduni wao kuliko vijana wao wenyewe, ambao wamekimbilia mjini. Mzee atanyamaza, kwa kuwa lina uchungu wa kweli ndani yake. Ila hakikisha mjukuu wake hayupo, maana atataka kujua ni nani aliyefanya kijijini pasikalike.

Usijaribu kujifananisha na Marasta. Tumewaona wengi wakijaribu. Wajamaika walioiangalia Ethiopia kama nyumbani walikuwa wajukuu wa watu waliotekwa, na waliponyang'anywa majina ya babu zao walilazimika kutafuta jingine mahali fulani. Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alipotua Kingston tarehe 21 Aprili 1966, umati uliivamia ndege yake, naye alikuwa Mkristo wa Orthodoksi aliyekuja kwa ziara ya kiserikali. Unaweza kubishana na itikadi yao hadi kesho. Lakini waliohamia Shashamane, kwenye ardhi aliyowatengea watu weusi wa ng'ambo, walikwenda kuishi na majirani Waoromo ambao hawakuelewa habari za mfalme kuwa Mungu. Mapinduzi ya 1974 yakawapokonya sehemu kubwa ya ardhi hiyo, na wakakaa miongo mingi bila karatasi za uraia. Walilipa nauli, wakalipa na kodi ya pango. Wewe umelipa dola 40 kwa kozi ya mtandaoni yenye punguzo.

Onyo kuhusu Unguja

Bakisha nguvu kwa onyo hili. Kama kweli unataka kukaliwa na mtu wa taifa jingine, jambo hilo pwani yetu lipo tangu enzi na enzi, na limewekewa masharti yatakayokuharibia mipango yote.

Pepo wa Unguja wana makabila na dini zao. Rohani ni Waarabu na Waislamu, wanapenda weupe, marashi na usafi. Rubamba wanatoka Pemba na hawana dini. Jinsi wanavyosawiriwa, wakali na wasio na adabu ya mezani, Mpemba akisikia ana haki ya kukasirika, na hili tusilifunike kwa sababu ni letu. Kihabeshi wanatoka Ethiopia. Kibuki wanatoka Bukini, yaani Madagaska. Ni watu wa ukoo wa kifalme wa Kisakalava, Wakristo, na kinywaji chao ni brandi. Karibu kila aliyepata kushuka bandarini, kwa hiari au kwa minyororo, ameacha pepo wake.

Sasa ona usumbufu. Kwanza, huchagui. Hakuna fomu ya kujaza kwamba ungependa kibuki wa kifalme wala si rubamba. Mtu anaanza kwa kuumwa, anakwenda hospitali, anasomewa na mashekhe, hapati nafuu, na mwishowe, tena kwa shingo upande, anapelekwa kwa fundi wa pepo. Kwa kawaida hataki. Mume anakunja uso, mashekhe wanakataza, majirani wanasema. Hayupo anayetangaza kwa furaha kwamba amepandwa.

Pili, kuna mtihani wa mdomo. Pepo akipanda, fundi anamuuliza: wewe ni nani, kabila lako lipi, umetoka wapi, unataka nini kwa huyu? Na waliokaa ukumbini si watalii. Ni kina mama ambao pepo yuleyule wamekuwa wakimjua miaka mingi kwenye kichwa cha shangazi wa mtu fulani. Wanajua anavyokaa, wimbo anaoupenda, anavyoshika bilauri, maneno ya Kibuki anayoyatumia. Ukiigiza watakuacha umalize, kisha utasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba huyo hana kitu, kapandwa na njaa ya kutazamwa. Cyril Hoskin asingefika hata kwenye kahawa.

Tatu, na hili ndilo litakalokuuma zaidi: pepo akishuka, umekwisha. Mwanamke ambaye saa moja iliyopita alikuwa mfalme wa Kisakalava, amekaa kifalme na brandi mkononi, sasa ni Bi Fulani wa Ng'ambo, Mwislamu ambaye kwa hiari yake hajapata kuonja pombe. Anauliza wamefanya nini wakati yeye hayupo. Anakoga, anaswali, anawaza nauli ya kurudi. Hadai kuwa Mmalagasi. Haendi Madagaska kudai kiti cha enzi, haandiki kitabu cha siri za Wasakalava, haitwi redioni kueleza watu wa Bukini wanataka nini. Yeye ni kiti, wanasema hivyo wenyewe, na kiti hakijiiti kwa jina la aliyekikalia.

Kuhusu fedha ndiyo usiulize, maana mto huu unatiririka kinyume na ule wa Arizona. Mwenye pepo ndiye anayetoa. Analisha waalikwa, ananunua mavazi ya mgeni wake na vinywaji vyake, analipa wapigaji, anamtunza fundi. Na pepo akiona amepunjwa, anarudi na maradhi. Wapo waliouza cherehani. Fundi hatakupa jina jipya la kuweka kwenye kadi yako ya biashara, kwa kuwa jina lililotajwa ukumbini si lako. Ukiomba cheti utaangaliwa kwanza, kisha utapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule: mchele kilo kadhaa, mafuta, ubani, marashi, chupa ya brandi, na tarehe ya kuja tena. Kama pesa haikutosha safari hii, si neno, wataandika deni.